Mama Penseli: Mtu Mmoja, Neno Moja

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu ndugu zangu wanasema nina mdomo. Leo nitautumia kwa adabu.

Dada yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji. Mama alipenda kusimulia kwamba hakulia mpaka alipomaliza kumkagua kila aliyekuwemo chumbani.

Alianza shule mwaka 1964 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1971, akiwa wa kwanza darasani. Hakuendelea, kwa kuwa baba aliumizwa mkono na msumeno na ilibidi abaki kumsaidia mama kushona. Hakunung'unika. Alisoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hata zilizofungiwa sukari.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko ya makoti ya madaktari kabla hayajaingia mashineni. Siku moja alikuta gazeti limekunjwa, lina fumbo la maneno la wanaoanza, visanduku nusu vimejazwa. Akalimaliza kwa penseli wakati wa chai, na koti lilipokauka akalirudisha mfukoni. Kesho yake daktari alishuka ngazi, gazeti mkononi.

"Nani amenimalizia fumbo langu?"

Wenzake walijua kibarua cha mgeni kimeota nyasi.

"Ni mimi, daktari. Ila la saba mlalo ulikosea, nikalirekebisha."

Daktari alicheka mpaka akaegemea mashine. Tangu siku hiyo alimletea gazeti kila Jumamosi hadi alipostaafu.

Kwa wasioyajua mafumbo haya, kidokezo chake hufanya kazi mbili: kinakupa maana ya neno, na kinakuonyesha lilipojificha. Dada alipenda kufundishia hiki: "Mama chozi lamtoka, ndani mna vya kuonea. Herufi tano." Wageni walihangaika na kilio cha mama. Yeye aliwaambia, "Mwacheni mama alie. Nyie tazameni herufi." Na kweli, mwisho wa "mama" na mwanzo wa "chozi", macho yamekaa hapo yanakutazama.

Ndipo akaanzisha desturi yake. Saa nne, chai ikishamiminwa, gazeti lilitandazwa kwenye meza ya kupigia pasi, na penseli moja ilifungwa kwa uzi wa bendeji kwenye mguu wa meza. Kila mtu aliandika neno moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuandika mawili. Wenye akili nyepesi walinuna. Aliwauliza, "Ukilimaliza peke yako, umemfaa nani?" Aliyekwama hakupewa jibu, alingojewa, hata chai ipoe. Wakamwita Mama Penseli. Mwaka 1995 alipandishwa kuwa msimamizi, na penseli haikuhama pale hadi alipostaafu mwaka 2015. Wawili walioanzia kwenye meza ile walirudi shule. Mmoja leo ni muuguzi mkuu, amekaa safu ya pili na leso yake imeshalowa. Nasema bila haya, familia yetu inajivuna.

Mwaka 1983 bomba la mvuke lilipasuka pale kazini, akaitwa fundi bomba. Alisema ni kazi ya siku moja. Akakaa wiki mbili. Bomba lenyewe, nimeambiwa, lilipona siku ya pili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1984, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji, usiinamishe kichwa, nakusifu.

Nyumbani pia fumbo lilikuwepo kila Jumamosi, lakini shemeji hakuligusa. "Huo mchezo wa watu wasio na kazi," alikuwa akisema. Dada hakubishana naye. Aliacha neno moja tupu, na mtoto akinyoosha mkono alimzuia: "Hilo lina mwenyewe." Watoto walikua wakidhani ndiyo sheria ya mchezo. Mimi nilidhani limemshinda, nikamtania miaka mingi. Leo namwomba radhi.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika. Aprili 2023 alilazwa katika hospitali ileile, akanusa shuka na kutangaza kwamba halikusuuzwa vizuri. Wafuaji wakawa wanampandishia gazeti wodini. Jumamosi, tarehe 6 Mei, lilifika limejazwa lote, limebaki neno moja, lake. Hakuliandika. Alimkabidhi mumewe penseli.

"Baba watoto, hili lako."

"Mke wangu, mimi unanijua."

"Nakujua. Nimengoja miaka thelathini na minane, nitashindwa dakika kumi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, naye shemeji ameniruhusu niseme. Aliacha shule darasa la pili. Husoma kwa kidole, herufi moja moja, na jambo hilo lilimtia aibu. Dada alilijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, akamsitiri miaka yote hiyo, hata kwetu sisi ndugu zake.

Kidokezo kilisema: "Katika tambo mbalimbali, maji hupita humu. Herufi tano." Alikifuata kwa kidole robo saa nzima. Hakuna aliyemsaidia, hata mimi nilifunga mdomo. Kisha kidole kikasimama katikati ya maneno yale mawili, akacheka kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Akaandika BOMBA, akiikandamiza penseli karibu itoboe karatasi. Dada alilikagua mara mbili.

"Limekaa sawa kabisa, fundi."

Sijapata kumwona mtu mwenye fahari kama yeye siku ile. Dada alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne, ndugu wanne tuliobaki, na wafuaji wote waliowahi kushika penseli ile.

Mstari wa mwisho nilikuwa nimeshauandika mimi. Shemeji amekataa. Ameuandika wake, na anataka kuusoma mwenyewe mbele yenu. Tafadhali, mtu asimsaidie. Tumngoje.

(Mume wa marehemu anasoma.)

"Pumzika kwa amani, mke wangu. Penseli ninayo."