Kompyuta ya Mabango na Jina la Binti Yangu

Sogeeni wanangu, kaeni popote penye nafasi, hata hapa kitandani, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali, na leo nataka ifike mpaka kwa hao waliosimama ukumbini. Mwalimu mkuu, karibu ndani, usijifanye umekuja kunijulia hali tu, nimekuita kwa sababu nina haja na masikio yako. Na wewe fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, ingia na viatu vyako hivyo hivyo. Kitinda, ninyanyulie mto kidogo. Hapo hapo. Sasa sikilizeni, na mtu asinikatize kwa kunihurumia, kwa sababu nikihurumiwa nitanyamaza, na nikinyamaza leo ndiyo basi tena.

Tuanze na mali ili tuondokane nayo. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na isiuzwe maadamu mmoja wenu bado ana haja ya kulala ndani yake. Mkubwa, ngazi na vifaa vyote vya kupandishia mabango ni vyako, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia ngazi tangu hujaota ndevu, na mara moja tu ndiyo uliiachia, nami nilikusamehe nikiwa bado niko chini nagaagaa. Kitinda, mkokoteni ni wako, pamoja na mbao na vyuma vilivyoegeshwa uani. Chumba cha kazi, kompyuta na ile mashine ya kukatia herufi za stika, hivyo ni vya dada yenu wa kati.

Naona mnatazamana. Ndiyo, huyo huyo niliyemfukuza. Lakini siwezi kumpa chumba kabla sijamrudishia kitu nilichomnyang'anya, nacho ni jina lake.

Kompyuta yenyewe mnaijua, Kitinda ameileta pale mezani, isikieni inavyovuma. Nimekula nayo, nimewasomesha nayo, na hakuna duka katika mtaa huu ambalo bango lake halikupitia humo. Mfumo wake ni wa zamani, wa zamani kweli, waliouunda wenyewe walishautupa, hawautengenezei tena kinga wala kufuli, nami nikawa nasema hao ni watu wa kuchoka upesi. Mashine ya kukatia herufi ilielewana na mfumo ule, mimi nikaelewana na mashine, basi, nani mwingine alihitajika? Kikifa kitu nanunua kingine: diski, feni, kioo, hata sanduku la nje. Mteja akiingia anaona kompyuta inang'aa, naye anasema mzee unakwenda na wakati, nami najibu kwa kukohoa tu, kama tajiri.

Binti yangu aliporudi kutoka masomoni na ufundi wake wa kompyuta aliitazama siku moja tu, akaniambia, "Baba, unabadilisha mabati wakati msingi unaliwa na mchwa." Akanieleza kwa upole kwamba yawezekana kuweka mfumo mpya, na ule wa zamani ukatengewa chumba kidogo ndani yake, kisicho na mlango wa nje, ukaendelea kuongea na mashine yangu humo. Mimi nilimjibuje? Nilimwambia akimaliza kunifundisha kutembea aje anifundishe na kula. Wateja wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo, kwa adabu, na ile adabu yake ndiyo inayonichoma sasa.

Nilipolazwa kwa ajili ya tumbo, aliona hiyo ndiyo nafasi ya kunifanyia zawadi. Akaweka mfumo mpya. Nikarudi na mshono wangu, nikakuta kompyuta inakimbia kama swala, lakini mashine ya kukatia ni bubu. Akasema, "Baba, nivumilie mpaka kesho, kuna kitu kimoja tu kimebaki..." Sikumwacha amalize. Mbele ya watu, nimeshika tumbo kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine, nilimwambia ameniulia kazi, atoke, na asiguse tena kitu changu. Nikaita fundi mwingine, akafuta kila alichokiweka binti yangu akarudisha mfumo wa zamani, mashine ikalia, nikapiga makofi. Nilijiona nimeshinda. Nimemshinda nani? Mtoto niliyembeba mwenyewe mgongoni mama yake alipougua.

Chekeni, nami nacheka kwa aibu, ngojeni niwape na hii. Ili kumwonyesha kwamba mzee hajalala, nilikwenda kununua vijiti vya kumbukumbu, vya giga kumi na sita, vile vikubwa, nikavichomeka. Kitinda akachungulia kwenye kioo akasema, "Baba, inaonyesha tatu na ushee tu." Mfumo ule haukuwa na macho ya kuona zaidi ya hapo, hata ungeujazia kumbukumbu ya dunia nzima. Nikamwambia afunge mdomo. Na miaka yote hii nimewatambia watu kumi na sita, kumi na sita, huku nafanya kazi na tatu. Kitinda, pole, nilikufundisha uongo nikauita heshima.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Linalonifanya nigeukie ukutani mnaponiletea uji ni hili.

Mwalimu, unakumbuka ulivyoniletea flashi yenye majina ya watoto wa kutangazwa kwenye ubao wa washindi. Humo mlikuwa na virusi. Si kosa lako, usitikise kichwa, flashi ya watu wengi haikosi uchafu, kosa ni la aliyeacha nyumba bila kufuli. Viliingia vikafunga michoro yangu yote, kazi ya maisha yangu, nisiweze kufungua hata herufi moja. Uliporudi ukaniuliza kulikoni, mimi, mtu mzima mwenye mvi hizi, nilikutazama usoni nikasema, "Ni binti yangu, aliichokonoa kompyuta akaiacha na ugonjwa." Nilisema hivyo nikijua kwamba kila alichokiweka kilishafutwa. Hapakuwa na alama ya kidole chake humo. Nilisema tu, kwa sababu niliona haya kusema ni mimi.

Ulimi hauna mfupa, wanangu. Mwalimu akalisema neno langu shuleni, na shule ikamnyang'anya kazi ya kutengeneza kompyuta zake ikawapa watu wengine. Fundi cherehani, wewe ulikwenda kuchukua kompyuta ya mtoto wako kwake kabla hajaimaliza, ukaniambia umenisaidia kumwadabisha, nami nikakushukuru. Nikakushukuru! Wakaanza kumwita yule aliyeua mashine ya baba yake. Sasa anakaa katika kile kibanda chake cha kutengenezea kompyuta, vifaa vimepangwa vizuri, hakuna anayeingia.

Naye alisikia nani aliyelianzisha. Akaja. Tangu nilipoanguka ndiye anayenigeuza, ndiye anayeniosha, jana alinikata kucha za miguu moja baada ya nyingine, hajaniuliza neno. Mama, binti yangu, ningetamani ungenitukana. Na juzi Kitinda ananiambia kwamba kabla hujaweka ule mfumo wako ulitoa nakala ya michoro yangu yote ukaihifadhi, kwa hiyo mabango mengi ya mtaa huu yako salama mikononi mwa mtu niliyemtangaza mwuaji. Nilijifunika shuka. Mkadhani ni homa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kimeshavua viatu mlangoni, heri nijiumbue mwenyewe. Basi shikeni hili, ndilo wosia wangu, mengine ni vyombo tu. Binti yangu hakuharibu kompyuta. Niliiharibu mimi, kwa ubishi, kisha nikamsingizia, kwa woga. Mwalimu, ukaliseme mbele ya walimu wenzako, kwa sauti ile ile uliyosemea la kwanza. Fundi, wewe una wateja wanaokaa kwenye benchi lako kutwa, nawe kwa kusema hujambo. Liseme kwa kila atakayekuja kupunguza suruali. Mkubwa, ukimsikia mtu barabarani analirudia lile jina baya, usimpige, nakujua wewe, mwambie baba yangu alikuwa mwongo. Sema hivyo hivyo. Usinipake sukari.

Na ninyi wenyewe, dada yenu akiwasahihisha, mwacheni amalize kusema. Asiposema kweli mtakuwa mmepoteza muda kidogo tu.

Maji. Kidogo... inatosha.

Mama, kaa kwenye kile kiti mbele ya kompyuta. Umeshaandaa nilichokuomba, ule mfumo wako mpya? Basi sikiliza, sikuombi unisamehe leo. Mtu akifa watu humsamehe haraka ili wapate kumzika, nami sitaki huo msamaha wa haraka. Kaa na hasira yako mpaka iishe yenyewe. Mungu akupe wateja wenye subira, akupe watoto wanaokubishia na masikio ya kuwasikiliza. Mkubwa, akupe mguu usioteleza. Kitinda, akupe mdomo wa kusema tatu panapokuwa na tatu. Mpendane. Nimewapenda nyote, ila nilimpenda mmoja kwa makelele, na makelele yakamuumiza.

Imeuliza nini hapo? Soma kwa sauti, wote wasikie. "Kila kilichomo kitafutwa. Una uhakika?" Ehe. Mbona mkono unasita? Usinitazame mimi hivyo... Kompyuta ni yangu bado, pumzi ingali humu. Ninajibu mimi. Ndiyo. Bonyeza.

Mwalimu... umeona? Fundi, umesikia? Ikizimika, isiwake tena... mashine ikiwa bubu... mkaseme ni mzee aliyeamuru. Ni mimi. Mshikeni dada yenu mkono... Ni mimi, jamani. Si yeye.