Antena Inayokunywa Kahawa

Verlin: Haloo? Nani huyo? Kama unauza bima, mimi nimeshakufa.

Delphia: Baba, ni mimi, Delphia. Shikamoo.

Verlin: Marahaba. Tangu Sikukuu ya Shukrani, tulipokula batamzinga, kimya, leo ndio umenikumb—

Delphia: Usikate! Niko bondeni huku, kusiko na mtandao. Nakupigia kwa antena yangu.

Verlin: Ile springi ya kitanda?

Delphia: Hiyo hiyo. Waya wake ukipata moto unajikunjua, antena inasimama, mawimbi yanafika mbali. Ikipoa inalala bapa.

Verlin: Sasa imesim—

Delphia: Inalala, baba! Betri ya kuipasha moto imezimika kwa baridi. Wakaguzi wa mradi wanateremka mlima sasa hivi. Wakiikuta imelala, mradi wangu umekwisha.

[Mkwaruzo.]

Verlin: Miaka arobaini nimepanda minara ya simu. Mnara ni ule usiotikisika. Nilikuambia, sikukuambia?

Delphia: Uliniambia. Mbele ya mashangazi wote.

[Mkwaruzo unazidi.]

Verlin: ...moto hapo?

Delphia: Sikusikii!

Verlin: Una kitu gani cha moto hapo?

Delphia: Sina. Gari liko juu. Nina... nina chupa ya kahawa tu.

Verlin: Ina sukari?

Delphia: Baba, jamani, huu ni wakati wa—

Verlin: Jibu! Sukari inanata.

Delphia: Haina.

Verlin: Mimina. Polepole, kuanzia chini. Sisi barafu ya kwenye nati za mnara tulikuwa tunaiyeyusha hivyo hivyo.

[Kahawa inamiminika. Mkwaruzo unapungua.]

Delphia: Inanyanyuka! Baba, inanyanyuka!

Verlin: Loo! Kama uko hapa jikoni kwangu.

Delphia: Wakaguzi hao, wako darajani. Nakata, kahawa iliyobaki ni ya kuwaonyesha wao.

Verlin: Ngoja. Ile siku, mbele ya mashangazi zako...

[Mkwaruzo.]

Delphia: Sema upesi, inapoa.

Verlin: Niliropoka. Nilikuumiza, nikaona haya kupiga simu. Na— ongeza kahawa, sijamaliza.

Delphia: Baba!

Verlin: Ongeza, nimesema!

[Kahawa inamiminika.]

Delphia: Wamefika.

Verlin: Niweke kwenye spika. Haloo, mabwana! Mnanisikia? Kutoka bonde hilo sijawahi kupata simu hata moja, na mnara wa huko niliujenga mwenyewe. Hiyo antena kaitengeneza binti yangu. Binti yangu!

Delphia: ...Baba, kahawa imeisha.

Verlin: Wenyewe wanasemaje?

Delphia: Wanacheka. Mmoja anafungua chupa yake ya kahawa, anataka kuimwagia antena.

Verlin: Muulize kwanza kama ina suka—