Kilichomo Ndani ya Mfuko wa Boti

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti niliyokuwa nikiwaitia watu katikati ya ziwa wakanisikia hata walioko nchi kavu, leo haivuki miguu ya kitanda hiki. Imelda, niinulie mto. Eliudi, acha kulia. Mwanaume wa Iyula hulia baada ya maziko, si kabla, la sivyo utawapa watu kazi ya kukubembeleza mara mbili. Na wewe Boazi uliyesimama mlangoni kama mgambo wa sokoni, keti. Wewe ndiye mkubwa wao, na ninajua unachokingojea. Unaungojea ule mfuko wa ngozi uliokuwa ukining'inia kwenye pua ya boti yangu, na unangojea niuweke mkononi mwako, niseme maneno. Mfuko ninao, nimeulalia chini ya mto ili asiuguse mtu. Tutaufikia. Lakini mwenye safari ndiye apangaye vituo, na safari hii ni yangu.

Scola, mke wangu, usinikonyeze nipumzike. Nitapumzika sana, tena bila kubembelezwa. Haya maji niliyoyatembelea nusu ya maisha yangu yamenifuata hadi huku milimani, yameingia tumboni mwangu yakaweka makazi. Daktari ameyavuta kwa sindano, nayo yakarudi kama mgeni aliyesahau kofia. Mfa maji haachi kutapatapa, basi niacheni nitapatape kwa mdomo, maana ndicho kiungo pekee kilichobaki kizima, na wanaonijua watasema ndicho kilichokuwa kikubwa tangu mwanzo.

Shamba la kahawa, lile lenye miti mizee aliyoipanda babu yenu, ni la Eliudi, kwa kuwa katika nyumba hii ndiye peke yake anayeweza kukaa mahali pamoja mpaka kitu kiive. Nyumba hii ni ya mama yenu, na atakayemwambia ahamie chumba cha uani nitamtokea mchana kweupe, tena mbele ya wakwe zake. Mnajua sina aibu. Ng'ombe wangu walioko Kamsamba kwa rafiki yangu Ndalahwa, yule Msukuma aliyeteremka na mifugo yake akaweka boma bondeni, wabaki kwake na wawe wake. Msimuulize kwa nini. Nitawaambia mimi.

Sasa boti. Usione vyaelea, vimeundwa, na hiyo niliiunda kwa kuchekwa. Miaka ile ya ruksa, mipaka ilipolegea na Tunduma ikafura kama andazi, nilikuwa navusha sabuni na vitenge kama vijana wote, na nikaona jambo ambalo hakuna aliyeliona: tajiri wa Tunduma ana pesa lakini hana mahali pa kupumzika isipokuwa baa, na baa haimpumzishi mtu, inamwangusha tu. Nikasema nitawateremsha hawa watu bondeni Kamsamba, kwenye joto, niwapakie kwenye boti, niwapitishe kando ya Ziwa Rukwa chini ya ule ukuta wa milima ya Ufipa, mahali ambapo vijito vinaporomoka kutoka juu vikiwa baridi na vyeupe, waoge, wale samaki, warudi wakiwa binadamu. Mashine ya boti nikaipata kwa mtu wa Mpulungu, kule Zambia, tukabadilishana kwa maharage. Watu wa hapa Iyula walinicheka mpaka wakashika mbavu: mtu wa mlimani, aliyezaliwa kwenye ukungu, ataliwezaje ziwa? Nikawajibu, hata Nuhu hakuwa mvuvi.

Nao walikuja. Walikuja kina mama wa vitenge wenye sauti zao, wakaja maharusi, wakaja wageni wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, niliowakaribisha kwa lugha yao, "mwaiseni mukwai", mguu wao ukiwa bado hewani, wakaja hata Wazungu wa kuhesabu ndege. Mwenzenu nilikuwa nahodha, mpishi na mwongo wa safari. Lile jiwe lililochongoka niliwaambia ni chifu aliyegoma kuoga, mizimu ikamgandisha. Ile ghuba ndogo ya mchanga mweupe nikaiita Bafu la Bibi Harusi, na sasa wazee wenye mvi wanawasimulia wajukuu zao habari za bibi harusi ambaye nilimzaa mimi kwa ulimi wangu asubuhi moja ya baridi. Niliwaambia kwamba mamba mmoja aliwahi kuniuliza njia ya Sumbawanga, nami nikampoteza makusudi. Nimesema mengi, wanangu, na Mungu ataniuliza moja moja, lakini neno moja sijalisema hata siku moja, na ninyi ni mashahidi: sijasema kwamba nina dawa ya mamba.

Boazi, nitazame. Sijasema.

Aliyesema ni Kefa. Mwenye boti ile ya pili, yenye spika kubwa inayopiga muziki mpaka viboko wanahama. Aliona wageni wangu wanaoga na kurudi, wanaoga na kurudi, miaka nenda rudi, akawaambia watu pale gatini: "Mnadhani huyu Mnyiha ni bure? Muulizeni kuna nini kwenye ule mfuko wake! Anawalisha mamba unga wa mizimu." Alitaka waniogope wanikimbie. Kumbe ndiyo wakazidi kuja, maana binadamu akisikia kuna dawa hulipa hata kama haumwi. Nilimkanusha, nilikanusha sokoni, nilikanusha mpaka kanisani, wakanong'onezana, "Unaona? Mwenye nayo hasemi." Kefa nimemsamehe. Nasema nimemsamehe, mbele yenu. Lakini msimwazime mashine.

Nipe maji, Imelda. Kidogo tu, nisimwongezee mpangaji wangu wenzake.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye wosia wenyewe. Mengine yote yalikuwa kupasha mashine moto.

Nilipofika bondeni sikujua kitu. Aliyenifundisha ni Ndalahwa, aliyekuwa akinywesha ng'ombe zake mahali ambapo mto Momba unaingia ziwani, na siku moja ng'ombe wake dume alifika kwenye maji akagoma, nami nikamcheka, nikasema dume lako linaogopa sura yake. Ndalahwa akaniambia, "Mwanawane, usimtazame ng'ombe. Tazama maji. Visamaki viko wapi?" Nikatazama. Hapakuwa na hata kimoja, maji yametulia kama yameambiwa yanyamaze. Akatupa konzi ya pumba. Pumba zikaelea, zikazunguka, hakuna aliyezigusa. Hatukungoja sana, kikatokeza kichwa kile mnachokijua, polepole, na macho yake mawili yasiyo na haraka.

Basi tangu siku hiyo nikawa nabeba pumba. Pumba, Boazi! Pumba za mahindi za mashineni hapa Iyula, kwa mama yule anayekoboa na kupepeta huku anasengenya. Ndizo zilizojaa huo mfuko. Nilipofika kwenye ghuba nilizima mashine, nikatupa konzi, nikatazama. Visamaki vikija vikigombea, vikirukiana, najua maji yana amani. Visipokuja, nawaambia wageni kwamba mizimu ya chifu leo imekasirika, twendeni mbele, na wao wanafurahi, maana wamepata hadithi. Na hata vikija, bado natangulia mimi. Nimetangulia majini kila safari, na nimetoka wa mwisho kila safari, kwa sababu pumba hazimzuii mamba; zinakupa habari tu, na habari si ngao. Na sikuwahi kupakia wageni kuzidi vidole vya mkono mmoja, maana mkono wa pili umeshika ukingo wa boti, na mtu hupaswa kuvihesabu vichwa vilivyomo majini kwa mkono uliobaki, akihesabu na kurudia, akihesabu na kurudia, mpaka wote wavae nguo.

Utaniuliza, na yale maneno je? Maana nilikuwa nanong'ona nikitupa, na wote mlinisikia. Ninyi nimewalea Tunduma kwa Kiswahili, na mama yenu ni Mnamwanga, kuku wake huwaita kwa namna ya kwao. Lakini bibi yenu mzaa baba, ambaye hamkumwona, alikuwa akitoka hapa uani na ungo wa pumba, akiwaita vifaranga vyake kwa Kinyiha kile cha zamani, na maana yake ni hii: njooni, wanangu, njooni mle, mwewe hayupo. Ndiyo dawa. Ndiyo mizimu yote. Nilikuwa nawaita samaki kama mama yangu alivyoita kuku, kwa kuwa nilikuwa na hofu, naam, mimi huyu, na hofu ikinijia humtafuta mama.

Krismasi hii iliyopita nimelala hapa siwezi kusimama, Boazi ukachukua boti na mfuko. Ukawapakia wanakwaya kama magunia ya mpunga. Imelda amenisimulia, na wewe hukukataa. Ulifika kwenye ghuba ukatupa konzi tatu huku umefumba macho, umefumba macho mwanangu, kama mchungaji anayebariki sadaka. Dada yako akapiga kelele, "Kaka, samaki hawajaja! Hawajaja!" Ukamjibu, "Nyamaza wewe, dawa haibishiwi." Nao wakaruka, wakicheka, na wa kwanza alikuwa Mika, yule kijana wa sauti ya nne mwenye mke mjamzito, naye mamba akamshika kwenye muundi.

Sikukuiti mwoga. Ulimrukia yule mnyama na kasia mkononi, ukampiga puani mpaka akaachia, na mguu wa Mika umebaki, unachechemea lakini umebaki, na mtoto wake atamwita mtu baba. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kufanya hivyo, hata mimi, na mnajua ni vigumu kiasi gani kwangu kusema hata mimi. Lakini ulipotoka pale hukusema, "Sikutazama." Ulisema, "Baba hajanikabidhi." Kefa akakushika sikio akakwambia mkamate mzee angali na pumzi, ateme mate ya baraka kwenye mfuko, ndipo dawa itafanya kazi. Ndiyo maana umekaa hapo mlangoni siku zote hizi hulali wala huli. Hunisubiri mimi, mwanangu. Unayasubiri mate yangu.

Mimi nisipoisema kweli hii ikaeleweka, Pasaka ijayo utawatosa watu majini kwa kuutegemea mdomo wangu, na mimi sitakuwepo hata wa kukanusha. Nimeishi nikisema uongo watu wakacheka; sasa nasema kweli, hakuna anayenisadiki. Mungu ana utani wake.

Kwa hiyo boti ni yenu wawili, wewe na Imelda, wala haiuzwi. Wewe una moyo, yeye ana macho. Miaka yote mliyofuatana nami, nilipotupa pumba wewe uliutazama mkono wangu, Imelda akayatazama maji. Basi wewe utashika usukani, na wewe ndiwe utakayetangulia kuingia, lakini mguu wako usiguse maji mpaka Imelda aseme. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mgeni ni waziri na amelipa mbele. Na wageni, kidole kimoja mgeni mmoja, mkono mmoja basi. Kefa akiwapita na watu arobaini na muziki wake, mpungieni. Mkaende kwa Mika pia, si kwa maneno. Eliudi ampalilie shamba lake msimu huu wote na ujao, maana mguu ule haushiki jembe.

Scola, nifungulie dirisha la uani... wazi kabisa. Imelda, vuta huo mfuko hapa chini ya mto. Ufungue. Boazi, usipige magoti, simama, hakuna anayekabidhiwa kitu. Ingiza mkono ndani. Nusa. Nini hicho? Sema kwa sauti, mama yako asikie.

Eh. Pumba.

Umwage wote dirishani, Imelda. Wote, mpaka mshono. Uwatupie kuku wa mama yako.

Nitawabariki kwa mdomo mkavu leo. Mate nimeyazuia, baba zangu wanisamehe, ili asije mtu akasema mzee aliyatema, kuna kitu. Mzae. Mpendane hata mkigombana. Ardhi iwape, maji yawarudishe. Mtu yeyote atakayepanda boti yenu akiwa na nguo kavu, arudi akiwa na nguo zake, na miguu yake, na hadithi ya kuongopea watu kwao. Mungu wa mama yangu awe... awe mbele yenu mnapoingia, na nyuma yenu mnapotoka. Mnizike huku juu. Msinipeleke ziwani, nimeshaliona.

Naona giza, lakini nasikia. Wanadonoa. Wamekuja wengi, sivyo? Hata yule jogoo mwenye kiburi?

Boazi... mbona bado unanitazama mimi? Tazama nje, mwanangu. Tazama nje...

Njooni, wanangu. Njooni mle... mwewe...