Kiuchumi, Salimu Ameshakufa

Pale Tukuyu, ukitoka stendi ukapandisha kidogo kuelekea sokoni, kuna duka la vitenge la Safina, na mbele ya duka hilo kuna benchi la mbao ambalo limesuluhisha matatizo yote ya dunia isipokuwa ya wenyewe wanaolikalia. Benchi ni la Salimu, muuza kahawa. Babu yake alikuja huku kutoka Bagamoyo na mzigo wa chumvi, akasema anapumzika siku mbili tatu mvua ikatike, na kwa kuwa mvua ya Tukuyu haikatiki, kaburi lake liko nyuma ya msikiti. Salimu amerithi dele la kahawa, uvumilivu, na wateja watatu ambao mtaa umewapa majina. Yohane fundi viatu anaitwa Taarifa, kwa sababu hatembei bila redio yake ndogo na habari za biashara haziwezi kumpita. Mzee Ambindwile, mkulima wa ndizi wa Lufingo, anaitwa Bei Kikomo, maana akikutajia bei ya mkungu wake hata umlilie hashuki. Wa tatu ni Obed, kijana wa bodaboda, anayeitwa Mlaji, kwa kuwa kila ubishi yeye humalizia kwamba mlaji ndiye mfalme.

Siku hiyo mvua ilianza alfajiri na mpaka saa nne ilikuwa haijaonyesha dalili ya kuchoka. Kibaraza cha Safina ni chembamba, kwa hiyo wazee walikuwa wamekunja miguu chini ya benchi na bado maji yaliwapiga magotini. Ng'ambo ya barabara palikuwa pakavu kabisa. Pale ndipo Nelson, aliyerudi kutoka Dar mwanzoni mwa mwaka, alipofungua mgahawa wake: bati jipya, viti vya mgongo, televisheni kubwa kama mlango, mashine ya kahawa inayokoroma, na kikombe shilingi mia. Kwa Salimu ni mia mbili.

Salimu alikuwa anamimina huku jicho moja liko ng'ambo. Jana yake Nelson alimwita pembeni akamwambia kwa heshima zote: mzee wangu, funga benchi, njoo upike kahawa kwangu, nitakulipa mshahara kila mwezi, na lile dele lako tutaliweka kaunta liwe pambo. Alimpa mpaka leo adhuhuri amjibu. Salimu hakulala. Mkaa umepanda, buni imepanda, na wapita njia waliokuwa wakisimama kwake kikombe kimoja kimoja sasa wanavuka barabara. Alikuwa amebaki na hawa watatu, na alitamani mmoja wao aseme neno la kumsaidia kuamua, bila yeye kulazimika kuuliza.

— Mmesikia ya leo? alianza Taarifa, akipunguza sauti ya redio. Kampuni mbili za simu zinashushiana bei za vifurushi. Huyu akishusha asubuhi, mwenzake anashusha jioni.

— Safi sana, akasema Obed. Waache watoane roho. Mlaji ndiye mfalme.

— Na wahenga walishasema, akadakia Bei Kikomo. Wapiganapo tembo, nyasi hunona.

— Huumia, mzee, akasema Obed. Nyasi huumia.

— Huumia kwa nani? Tembo wawili wakikesha shambani wanaacha samadi kiasi gani? Mimi mkulima, gwe, wewe kijana! Usinifundishe nyasi.

Obed akanyoosha kikombe. Salimu akamjazia.

— Lakini hebu tujiulize, akasema Taarifa, ambaye akisema hebu tujiulize maana yake jibu analo. Mtu mwenye akili timamu anauzaje kwa hasara? Anauza ili amuue mwenzake. Akishamzika, bei inarudi pale pale, na juu yake gharama ya matanga.

— Hapana, Taarifa, umechelewa, akasema Obed. Siku hizi hawauzi dakika, wanatuuza sisi. Ukinunua kifurushi tu, wameshajua unalala saa ngapi na unakula nini. Juzi nimemwambia shemeji yako kwenye simu nina hamu ya samaki. Kufika jioni naletewa tangazo la samaki!

— Ukala?

— Nikala ugali na maharage. Ila tangazo lilikuja.

— Mwe bandu, enyi watu, mnahangaika bure, akasema Bei Kikomo, na akateremsha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. Hakuna kampuni mbili. Mwenyewe ni mmoja. Kule kwetu Lufingo kuna mama anapanga ndizi mafungu mawili. Fungu hili elfu mbili, fungu lile elfu na mia tano. Mgomba mmoja, mkungu mmoja! Wewe unanunua la elfu na mia tano, unakwenda nyumbani unacheka peke yako njiani. Na yeye anacheka.

Taarifa na Obed, ambao wote wawili walishanunua ndizi kwa mama yule, wakainamia vikombe vyao.

Salimu alianza kupata matumaini kwamba mazungumzo yataelekea kwenye ndizi. Hayakuelekea. Obed alinyoosha kidole ng'ambo ya mvua.

— Sasa twende kwa Nelson. Mia moja kikombe! Yule anapata wapi faida?

— Mtaji, akasema Taarifa. Mwenye mtaji anaweza kula hasara mwaka mzima na asikonde. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hasara haba na haba?

— Hata hasara ni mali, kama unayo ya kutosha.

— Mimi nasema ni ile televisheni, akasema Obed. Wenye michezo ya kubahatisha wanamlipa kwa kila jicho linalotazama mpira. Ukiingia pale na macho mawili, umeshamwingizia. Kahawa ni chambo tu.

— Na Mzee Ambakisye, mwenye jicho moja?

— Huyo anauziwa nusu hasara.

Walicheka mpaka Safina akachungulia dirishani kuona nani kafa. Salimu naye alicheka kidogo, kwa kuwa ukiwa mwenyeji wa benchi huwezi kununa wateja wakicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

— Ile mashine ndiyo mnatakiwa kuichunguza, akasema Bei Kikomo. Umeona lile povu? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndani ya mashine ile hamna kahawa. Kuna harufu tu, inaletwa imefungwa kwenye mtungi kama gesi. Wanakufungulia harufu, maji ya moto yanapita, unakunywa, unalipa. Kyala, Mungu wetu, anaona!

— Umejuaje, mzee, au ulikwenda?

Bei Kikomo akakohoa.

— Nilikwenda siku moja tu. Nilikuwa na ndizi zangu mbili za kuchoma, nikamuuliza yule binti mkaa uko wapi nizichome. Akanionyesha kibao ukutani: chakula cha nje hakiruhusiwi. Nikamwambia hiki si cha nje, kimetoka mfukoni. Hakuelewa.

Ndizi zenyewe za leo zilikuwa zinaiva pembeni mwa jiko la Salimu, na Salimu alikuwa akimgeuzia wakati mwenyewe anaongea, kama anavyofanya kila siku.

— Hata mimi niliingia, akakiri Taarifa. Wakaniambia nizime redio, inagombana na televisheni.

— Na mimi nilibishana na jamaa kuhusu penalti, akasema Obed, ukumbi mzima ukanigeukia shii! Oya, nimelipa mia yangu halafu nanyamazishwa kama niko msibani? Lakini hayo tuyaache, tunaongea uchumi hapa. Kiuchumi, kile chumba hakina mpinzani. Bei nusu, bati, viti. Mteja siku zote anakwenda kwenye unafuu. Si ndiyo, Taarifa?

— Hiyo ni kanuni. Maji hufuata mkondo.

— Kwa hiyo, kiuchumi, Mzee Salimu ameshakufa.

— Hafiki Pasaka, akaafiki Taarifa kwa huzuni ya kitaalamu.

— Mwenda tezi na omo, akasema Bei Kikomo akitikisa kichwa, marejeo ni kwa Nelson.

Babu yake Salimu alikuwa na methali hiyo mdomoni kila jioni, na haikuwa hivyo. Lakini si methali iliyomuuma. Iliyomuuma ni ile raha waliyokuwa nayo. Miaka yote hii amewamiminia, amejua nani hapendi tangawizi nyingi na nani anauguza, na leo wanamzika wakiwa wamekaa juu ya benchi lake, bila hata mmoja kushusha sauti. Basi, akajiambia, wameniamulia. Adhuhuri navuka barabara.

Obed akanyoosha kikombe bila kumtazama.

— Ongeza kidogo, marehemu.

Marehemu akaongeza.

Wakati huo lori refu lilisimama barabarani, hatua chache kupita duka, dereva akaruka chini akaja mbio na gazeti kichwani. Alikuwa mtu mnene, mgeni wa mji, koti lake lote limelowa. Watatu wale wakasogea bila kukatisha maneno, kila mmoja akampandia mwenzake kidogo, ikapatikana nafasi ya nusu mtu. Mgeni akaikalia hiyo nusu.

— Habari za hapa, wazee wangu. Naitwa Baraka, nimetokea Morogoro, naelekea mpakani Kasumulu. Naomba kahawa, mikono imekufa ganzi.

Salimu akampa. Baraka akanywa, akafumba macho, akafumbua, akalisoma lile bango kubwa la ng'ambo: KAHAWA MIA TU. Akatazama bati jipya. Akatazama viti vyote vikavu. Kisha akawatazama majirani zake, ambao maji yalikuwa yanawachuruzika kwenye magoti.

— Hapa ni shilingi ngapi?

— Mia mbili, akasema Salimu.

— Na pale ni mia?

— Mia, wakajibu watatu kwa pamoja.

— Samahani, mimi mpita njia. Pale kuna paa, na kahawa ni nusu bei. Sasa nyinyi hapa mnafanya nini?

Taarifa akaiongezea redio sauti, akaipunguza tena.

— Mimi ni goti, akasema Bei Kikomo mwishowe. Goti langu halipendi kuvuka barabara.

— Mzee, umetoka wapi leo?

— Lufingo.

— Kwa usafiri gani?

— Kwa miguu, mpaka nilipopata gari.

Mzee mwenyewe akalitazama goti lake kama shahidi aliyemgeuka.

— Mimi naangalia pikipiki yangu, akasema Obed. Abiria wanajua nipo hapa.

— Ile nyekundu, iliyoegeshwa mlangoni pale kwenye kahawa ya mia?

Obed akageuka. Ni kweli, alikuwa ameiegesha chini ya bati la Nelson isilowe, kisha mwenyewe akavuka kuja kulowa huku. Kwa mara ya kwanza toka mtaa umpe jina, Mlaji akamsahau mlaji, akajipangusa magoti.

— Kanuni zina... akaanza Taarifa. Kuna kitu kinaitwa... Hebu tujiulize.

Wakajiuliza. Jibu halikuwepo. Salimu alikuwa amesimama na dele mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, na ule uchungu ukaanza kumtoka. Watu hawa walikuwa wamemzika vizuri kabisa, kwa kanuni na ushahidi, na bado hakuna hata mmoja aliyeliacha kaburi akavuka barabara. Furaha ilimpanda ghafla mpaka akaona aibu, akajifanya anapanga vikombe.

— Niongeze, mzee wangu, akasema Baraka.

Salimu akainamisha dele. Likatoa tone, kisha tone jingine.

— Imeisha. Kuchemsha nyingine ni kitambo, na mkaa umepata unyevu.

Alisema vile akijua ng'ambo mashine inatoa kikombe ukimaliza kupiga chafya. Akangoja kuona nani atanyanyuka. Bei Kikomo alinyoosha mkono akachukua ndizi yake jikoni, akaivunja vipande vinne, akaanza na mgeni.

— Dereva, akasema Taarifa, hivi dizeli huko njiani inasomaje? Maana mimi nina wasiwasi na hawa wenye vituo.

— Usimjibu bado! akasema Obed. Kuna siri kwenye ile pampu, ngoja nikueleze.

Salimu akachuchumaa akapuliza moto. Simu yake ikaita, akaona ni Nelson, akapokea akiwa bado amechuchumaa.

— Shikamoo, mzee wangu. Tumefikia wapi?

— Marahaba, mwanangu. Nakushukuru sana, na Mungu akubariki kwa kunifikiria. Ila tafuta mpishi mwingine. Mimi nabaki hapa.

Mashine ilikuwa inakoroma nyuma ya Nelson.

— Hapo kwenye mvua? Mzee Salimu, nakupigia hesabu naona haiji. Sababu ni nini?

Juu ya kichwa chake Bei Kikomo alikuwa anaapa kwamba dizeli na maji ya Ziwa Kisiba vinatoka shimo moja, na yule mgeni, mwenye lori la kuwahisha mpakani, alikuwa ameshasimama kubisha.

— Sababu, mwanangu, akasema Salimu, tumeulizwa wote hapa sasa hivi, na imetushinda.