Keki Laini ya Ghorofa Tatu

Katika gari moshi la kutoka Voi kwenda Taveta, Tryphena alizilinda katoni tatu za keki ya harusi ya dada yake. Alikuwa amepiga mayai mpaka mkono ukamuuma. Mama aliyeketi mbele yake alichungulia, akaguna.

"Mwanangu, hizi ni laini kama sufi. Ukizipandanisha, ya chini itabonyea. Keki ya harusi huwa ngumu, ya zabibu."

"Nyanya yetu hana meno, mama. Bibi harusi amesema nyanya asipokula, hatakula mtu."

"Basi tieni vijiti ndani vibebe uzito."

"Nyanya avimeze?"

Treni iliposimama Taveta, mama alikuwa bado anabisha, lakini katoni kubwa aliibeba yeye, akashuka nayo kinyumenyume, polepole.