Video ya Rania

Kwenye feri ya Likoni, mbele yangu, mama mmoja wa makamo alimpa simu binti aliyekaa karibu naye. "Mwanangu, nisaidie. Nimefungua chaneli ya video nimwombe binti yangu Rania arudi nyumbani, maana tangu tukosane hapokei simu zangu. Sasa mbona majirani wananipa pole?"

Binti akatazama. "Mama, video umeiacha wazi kwa kila mtu. Wameshatazama watu mia tisa."

"Mia tisa! Mimi nilimtaka mmoja tu. Na jina lake si nimeliandika hapo juu?"

"Hilo limekuwa jina la chaneli, mama."

Mimi nilijifanya naangalia maji.

"Ifute, mwanangu. Wallahi nimejianika!" Binti alipotaka kubonyeza, mama akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Yeye keshaiona?"

"Haijulikani. Hapa panaonyesha idadi, si majina."

"Na ukiifuta?"

"Hataiona tena."

Mama akaitazama ile idadi, machozi yakimlengalenga. "Nikiiacha hadi kesho, hao watu watazidi?"

"Watazidi, mama."

"Na yeye huenda akawa mmoja wao?"

Feri ikagusa ng'ambo, watu wakainuka wote kwa pamoja, na jibu la binti sikulisikia.