Kihisi Kilichosema Kikiwa Kwenye Droo

Bi Mwanzi amestaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye bwawa letu. Jina lake lingine limo kwenye faili. Hili alilipata kwa kutembea na mwanzi uliochorwa sentimita.

Alianza kazi akisoma kina cha maji kwa macho. Kisha vikaja vihisi arobaini vya kupima kina, visivyo na waya, vidogo kama vipande vya sabuni, vikapachikwa ukutani mwa bwawa. Kila kimoja humnong'oneza jirani, jirani naye humnong'oneza mwenzake, mpaka habari ifike kwenye skrini ya ofisi. Tukaletewa viti vya magurudumu, tukanenepa. Yeye kila Jumatatu alishuka na mwanzi wake kuhakiki. Mhandisi alimtania kwamba analipima bwawa utadhani analishonea suruali.

Jumatatu moja ya masika, saa sita mchana, skrini ilionyesha maji yametulia, mita mbili chini ya ukingo. Bi Mwanzi alifungua droo kutafuta kalamu, akaganda. Ndani mlikuwa na kihisi namba kumi na saba, alichokibandua mwenyewe wiki tatu nyuma na kukitoa betri. Kwenye skrini, namba kumi na saba ilikuwa ikituma vipimo kila baada ya dakika tano.

"Mhandisi, kumi na saba ninayo mkononi," alisema taratibu. "Huyu anayeongea ni nani?"

Mhandisi akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda ni ujumbe uliochelewa njiani. Kumi na saba akatuma mwingine.

Bi Mwanzi akachukua mwanzi wake. Maji yalikuwa shubiri moja chini ya ukingo, na bondeni kuna nyumba mia mbili, mojawapo ya mama mkwe wa Mhandisi. Malango yalifunguliwa kwa mikono; hakuna aliyezungusha gurudumu la lango kwa bidii kama Mhandisi. Bonde lililowa viatu tu.

Chini ya daraja la miguu tulimkuta pacha wa kumi na saba, amefungwa kwa waya nadhifu, kazi ya mtu asiye na haraka. Alikuwa akimeza habari za wenzake na kutusomea za kiangazi kilichopita, tarakimu kwa tarakimu. Aliyemfunga hatumjui hadi leo. Kosa letu tunalijua. Vihisi vyote vilitumia ufunguo mmoja wa siri. Kimoja kiliibwa mwaka uliotangulia, na ufunguo huo ndani yake, tukaandika "kimepotea", basi. Na kumi na saba tulipomwondoa, hatukumfuta kwenye orodha.

Bi Mwanzi ndiye aliyeanzisha yale tunayoyaita mazishi: kihisi kikitolewa, namba yake inafutwa siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi wawili. Sasa kila kimoja kina ufunguo wake, na kila ujumbe hubeba saa uliyotumwa.

Siku ya mwisho alidai naye azikwe. Alisimama nyuma ya karani mpaka jina lake likatoweka kwenye orodha, kisha akaijaribu kadi yake mlangoni. Mlango ukamkana. Aliridhika sana, ingawa ilibidi tumfungulie ndipo atoke.

Asante, Bi Mwanzi. Tunakuombea miaka mingi na miguu mizima. Ukitukumbuka, njoo mwenyewe. Ukituma salamu tu, tutatuma watu wawili waje wakuone kwa macho.